Perth hadi Adelaide na karavani, watoto watatu: uzito, dizeli, maji na ukaguzi wa matunda

Baba Watatu

Wakuu, salaam. Likizo ya shule ya Julai tunataka kuvuka uwanda mkame wa Nullarbor kwa gari, Perth hadi Adelaide, kwenda na kurudi. Tupo watano: mimi, mke wangu na watoto wa miaka 4, 8 na 11. Sote pamoja tunafika kama kilo 250.

Gari ni Prado 150 ya 2021, dizeli 2.8, otomatiki. GVM yake (uzito wa juu unaoruhusiwa gari likiwa limepakiwa) kilo 2,990, gari tupu na tanki limejaa ni 2,330, uwezo wa kukokota 3,000, uzito unaoruhusiwa kulalia hoki (ndoano ya kukokotea) 300. Tanki mbili, jumla lita 150. Mbele ina bampa la chuma, juu ina keria. Karavani ni ya futi 19, ekseli mbili, miaka saba. Kibandiko kinasema ikiwa tupu 2,150, ATM (uzito wa juu wa karavani ikiwa na mzigo wote) 2,700. Ina matenki mawili ya maji, lita 95 kila moja. Nyuma kabisa tumefunga kibebeo cha baiskeli tatu, spea mbili na boksi la jenereta.

Nauliza: nibebe madumu mangapi ya dizeli? Maji yanapatikana njiani? Chakula gani wakaguzi wanachukua kwenye mpaka wa majimbo? Na siku tatu za kwenda zinatosha? Natanguliza shukrani.

---

Mzee wa Mizani

Mkuu, madumu yaache kwanza. Kinachotisha kwenye maelezo yako ni baiskeli tatu, spea mbili na jenereta nyuma kabisa ya karavani.

Mzigo ulio mbali nyuma ya ekseli unainua pua ya karavani. Hoki inakuwa nyepesi, na karavani yenye hoki nyepesi inaanza kucheza mkia. Kwa kilomita 80 kwa saa hutahisi chochote. Siku upepo wa pembeni ukiipiga, au lori la matela likikupita, mkia unayumba mara moja, mara ya pili kwa nguvu zaidi, na mara ya tatu ndio unaoamua gari iende wapi. Jenereta ihamie mbele au ibaki nyumbani. Spea moja ibaki nyuma. Vizito vyote (mikebe, zana, maji ya chupa) vikae sakafuni juu ya ekseli, kabati za juu ziwe za nguo na mkate.

Hoki ibebe takriban asilimia 10 ya uzito wa karavani. Kwako ni kilo 270 ukijaza hadi ATM, na 300 ndio mwisho wa gari lako. Sasa tazama hesabu ambayo watu wengi huiruka: kilo hizo 270 ni mzigo wa Prado pia.

2,990 toa 2,330, unabaki na kilo 660. Toa 270 za hoki, 390. Toa ninyi watano, 140. Bampa la chuma lichukue 60, keria 30, umebaki na 50. Friji ndogo ya nyuma ikiwa na vitu ndani inazila karibu zote, na bado hujaweka begi hata moja. Yaani gari hili linaweza kukokota tani tatu kwenye karatasi, lakini familia ya watu watano hailijazi bila kuvunja GVM. Bima wakikuta umezidisha baada ya ajali, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Karavani nayo: 2,700 toa 2,150 ni 550. Maji ya matenki mawili kilo 190. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, pamoja na chuma chake, ni kama 36. Zimebaki 324 za vyombo, chakula, matandiko, turubai la kivuli, na kila kitu mwenye karavani wa kwanza alichoongeza baada ya kibandiko kupigwa: betri ya pili, sola, kiyoyozi. Ndiyo maana kibandiko hakitoshi. Nenda mizani.

Mizani za umma zipo kwenye machimbo ya kokoto, maghala ya nafaka na madampo mengi. Nenda ukiwa umepakia kama siku ya safari, watoto ndani, tanki limejaa. Kama unatumia vyuma vya kusawazisha hoki, vilegeze kwanza. Pima mara tatu:

Kwanza, karavani ikiwa imefungwa, magurudumu ya gari peke yake juu ya mizani. Isizidi 2,990.

Pili, songa mbele hadi magurudumu ya karavani peke yake yawe juu ya mizani, bado imefungwa. Andika. Jumlisha na ile ya kwanza ulinganishe na GCM (uzito wa juu wa gari na karavani pamoja) iliyo kwenye kitabu cha gari.

Tatu, ifungue, karavani yote isimame juu ya mizani kwa gurudumu lake la mbele. Isizidi 2,700.

Toa ya pili kwenye ya tatu, unapata uzito wa hoki. Mfano: 2,640 toa 2,380 ni 260, sawa na karibu asilimia 10. Ukipata 150, usiondoke Perth.

---

Tembo wa Kalgoorlie

Madumu mawili ya lita 20 lazima. Ile ni jangwa, si barabara ya Chalinze.

---

Dereva wa Matela

Hapana kaka, madumu hayahitajiki kwenye Eyre Highway, barabara kuu ya kuvuka Nullarbor. Ni lami tupu tangu 1976, na vituo vipo. Pengo refu kuliko yote ni Norseman hadi Balladonia, kama kilomita 191, likifuatiwa na Border Village hadi Nullarbor Roadhouse, kama 185. Hata ukila lita 25 kwa kilomita 100, pengo la 191 ni lita 48. Yeye ana tanki la 150. Madumu mawili ni kilo 34 nyingine kwenye gari ambalo Mzee wa Mizani amelionyesha halina nafasi, na dizeli ndani ya gari lenye watoto ni harufu ya safari nzima. Madumu ni ya wale wanaoacha lami.

Kwa 90 km/h na karavani ya aina hiyo tegemea lita 17 hadi 18. Upepo ndio unaobadilisha hesabu. Julai pepo kali hutokea zaidi magharibi, kwa hiyo kwenda Adelaide mara nyingi zinakusukuma, na kurudi zinakupiga usoni: hapo 22 au zaidi si ajabu. Jaza Norseman na Ceduna ambako bei ni nafuu, katikati ongeza kidogo kidogo. Usisubiri taa iwake, maana kituo kinaweza kukatikiwa umeme wa jenereta na pampu zikasimama. Tanki likifika nusu, jaza.

Vituo kwa mpangilio, ukitoka magharibi: Norseman, Balladonia, Caiguna, Cocklebiddy, Madura, Mundrabilla, Eucla, Border Village, Nullarbor Roadhouse, Nundroo, Penong, Ceduna. Kati ya Balladonia na Caiguna kuna kilomita 146.6 bila kona hata moja. Hapo ndipo usingizi unapovuna watu. Badilishaneni usukani kabla ya kuingia, si katikati.

Kuhusu malori. Matela mawili ni mita 36.5, na mengine ni marefu zaidi. Yanakwenda 100, wewe 90, lazima yakupite. Nunua redio ya UHF: malori wapo chaneli 40, wenye karavani 18. Lori likikukaribia, mwambie kwenye 40 kwamba umemwona na unashika mwendo. Usifunge breki, usitoke kwenye lami kumpisha: magurudumu ya kushoto yakishuka kwenye kokoto, karavani inakwenda nayo. Shika mstari wako na mwendo uleule. Akishatoka kulia na kuanza kukupita, ondoa mguu kwenye mafuta polepole ili amalize haraka. Tela la mwisho likipita, mwambie yuko huru kurudi kushoto. Yeye haoni nyuma yake vizuri, neno lako linamsaidia.

Pua ya lori inapofika ubavuni mwako, karavani inasukumwa nje, kisha inavutwa ndani. Usipigane na usukani. Mkia ukianza kucheza kweli, usikanyage breki za gari wala usiongeze mafuta. Shikilia usukani wima, achia mafuta, na kwa mkono bonyeza kitufe cha breki za karavani kwenye kile kidhibiti cha dashibodi. Karavani ikijivuta nyuma yenyewe, inanyooka. Mama naye ajue kitufe kilipo kwa kupapasa, bila kuangalia.

Sehemu kadhaa utaona michoro mipana ya rangi nyeupe barabarani: ni viwanja vya dharura vya ndege za madaktari, Royal Flying Doctor Service. Usiegeshe hapo hata kwa dakika ya chai.

---

Mama Nuru

Mdogo wangu, siku tatu na mtoto wa miaka 4 ni adhabu. Kilomita ni kama 2,700 kwenda tu. Tatizo halisi si urefu, ni mwanga. Kangaruu, ngamia, emu, na upande wa Australia Kusini wombati, wanasogea barabarani jua linapozama na alfajiri. Kwa hiyo unaendesha mchana tu, na Julai mchana ni kama saa kumi.

Na usisahau unakwenda mashariki huku saa ya mkononi ni ya Perth. Norseman jua linazama kama saa 11 jioni kwa saa ya Perth. Eucla linazama kama saa 10 na nusu! Mtu anayejiambia "nitafika saa 12 kabla ya giza" anajikuta ana saa nzima na nusu ya kangaruu. Kuanzia Caiguna kwenda mpakani watu hutumia saa yao wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth. Haimo kwenye sheria, lakini jiko la kituo linafungwa kwa saa hiyo. Ukivuka mpaka, Australia Kusini mwezi huo iko saa moja na nusu mbele ya Perth. Simu itarukaruka kati ya saa hizi, kwa hiyo weka saa moja ya ukutani ndani ya karavani na uibadilishe mwenyewe.

Mpango wa siku saba unaokaa: Perth hadi Coolgardie (555, siku ndefu, ondokeni alfajiri), kisha Balladonia, Eucla, Nullarbor Roadhouse, Ceduna, Port Augusta, Adelaide. Balladonia hadi Eucla ni zaidi ya 500. Wakichoka, laleni Madura. Siku ya Nullarbor Roadhouse ni fupi makusudi, chini ya kilomita 200, kwa sababu ya kusimama kutazama magenge ya bahari. Shika mikono ya watoto hapo: ni zaidi ya mita 60 kwenda chini, na kingo zimeliwa na bahari kwa chini, juu huwezi kujua unasimama juu ya nini.

Maji: usitegemee kupewa. Vituo vingi vinachuja maji ya chumvi au kuyaleta kwa lori, hawana ya kugawa. Jazeni matenki yote mawili Norseman, ambayo tayari yamo kwenye hesabu ya mizani, na kopo la lita 20 la kunywa ndani ya gari. Hilo la gari ni kwa sababu tenki liko chini ya sakafu ya karavani, na jiwe moja linalitoboa bila wewe kujua hadi jioni. Kuoga ni kwa kulipia kituoni, vyombo futeni kwanza kwa karatasi ndipo mwoshe. Hivyo lita 190 zinawafikisha Ceduna.

Sasa chakula. Ukaguzi uko sehemu mbili, na si pamoja. Kwenda mashariki, wanakagua Ceduna, yaani karibu kilomita 480 baada ya mpaka. Kurudi magharibi, wanakagua palepale mpakani, Border Village. Kwa hiyo kwenda una siku nne za kula matunda: nunua ya siku nne tu, na asubuhi ya kuingia Ceduna watoto wamalize machungwa. Kurudi ni shida zaidi, kwa sababu baada ya mpaka duka la kueleweka la mboga ni Norseman, zaidi ya kilomita 720. Pika mapema: mchicha, kisamvu, kabichi, vyote vikaangwe na kugandishwa. Nyanya za kopo. Karoti zilizoiva kwenye pilau.

Australia Magharibi ni wakali kwa asali, yoyote ile, hata ya dawa ya kikohozi kwenye chupa ndogo. Pia mbegu, mimea, udongo na mboga mbichi. Kwa jikoni zetu angalia hivi: tangawizi mbichi, vitunguu, viazi, ndizi za kupika, limau la chai, karanga zenye maganda, na ile pakiti ya mbegu za mchicha ambayo shangazi wa Adelaide atakufungia. Dengu na choroko nzima onyesha kabla hujaulizwa. Unga wa sembe na mchele wa dukani katika pakiti yake hauna neno. Wanafungua friji, kabati, na viti vya watoto. Kipo kikapu cha kutupia kabla ya kizuizi. Tangaza kila kitu; ukificha, faini ipo.

Usiku kunashuka hadi karibu nyuzi 5, pengine chini. Umeme wa vituo ni wa jenereta, hivyo ukiwasha hita, usiwashe birika wakati huohuo.

---

Fundi Beringi

Wamesema mengi, mimi nabaki chini ya karavani.

Tairi: miaka saba, nadhani ni zile zilizokuja nayo. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ubavuni. 2318 maana yake wiki ya 23 ya 2018. Tairi za karavani haziishi kwa kulika, zinakufa zikiwa na kashata nzuri, kwa jua na kusimama. Zikiwa na miaka saba, badilisha zote nne na spea. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi. Baada ya saa moja ya mwendo pima tena: zikipanda PSI 4 hadi 6, sawa. Zikipanda 10, tairi ilikuwa na upepo mdogo au mzigo umezidi; ongeza upepo ukiwa baridi, usipunguze ikiwa moto.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Rimu za aloi hulegea zaidi.

Beringi: kwa miaka saba zifunguliwe, zioshwe, zitiwe grisi mpya na oilsili mpya. Kila mkisimama, weka kiganja katikati ya kila gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Kama kiganja hakikai, na la upande wa pili linakaa, beringi hiyo imekazwa mno au inakufa, au breki inashika. Beba seti moja kamili: beringi ya ndani, ya nje, oilsili, pini ya kupinda na kopo la grisi. Hakikisha ni ya ekseli yako, zipo saizi zaidi ya moja na kwa macho zinafanana.

Karavani ya uzito huo lazima iwe na kifaa cha kufunga breki yenyewe ikichomoka kwenye gari. Kinategemea betri ndogo, na kwa miaka saba betri hiyo mara nyingi imeshakufa bila mtu kujua. Jaribu: chomoa plagi ya umeme ya karavani kwenye gari, vuta ile pini ya waya, magurudumu yafunge. Lazima yaendelee kufunga kwa dakika 15. Yakiachia kabla, nunua betri. Na minyororo ni miwili kwa ATM inayozidi 2,500, ipishane chini ya hoki kwa umbo la X.

Jeki ya Prado huenda isifike chini ya karavani. Ijaribu uani nyumbani, si Cocklebiddy.

---

Baba Watatu

Asanteni sana wakubwa. Jenereta inabaki, baiskeli mbili zinabaki, spea moja imetoka. Tairi nilizokagua ni 4118, kwa hiyo zinabadilishwa Jumatano, mizani Alhamisi. Siku zitakuwa saba.

Mambo mawili. Mtandao wa simu ukoje? Na mke wangu anataka nyangumi wa Head of Bight, je, karavani inaingia au tuiache kituoni?

---

Dereva wa Matela

Simu ni Telstra, na ni karibu na vituo tu. Mitandao mingine usiihesabu. Katikati hakuna kitu. Nunua au kodi kile kifaa cha dharura cha setilaiti, PLB. Kinasajiliwa bure kwa AMSA (mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia), na kwenye usajili andika namba ya gari, kwamba mna karavani, na mpo watano. Kikae mlangoni kwa dereva, si kwenye kabati la karavani.

---

Mama Nuru

Karavani inaingia. Njia ya kwenda huko inachepuka mashariki kidogo ya Nullarbor Roadhouse, ni kama kilomita 12 za lami hadi geti, na maegesho ya karavani yapo. Kuna kiingilio. Julai nyangumi wako pale na watoto wao, karibu na magenge. Nendeni asubuhi mkitoka Nullarbor Roadhouse, kabla upepo haujaichafua bahari. Mkifika, pitisha karavani yote mahali pa kuegesha hadi pua itazame njia ya kutokea, maana saa nne mabasi yakija, kurudi nyuma na futi 19 mbele za watu si kazi ya mtu aliyeamka alfajiri. Makoti ya watoto yawe ndani ya gari: kwenye ngazi za mbao za kutazamia hakuna kinachozuia upepo.